Kivuli cha Fundi Makochi

Mtaani walimwita Fundi Makochi, na waliomfahamu kwa karibu waliongeza kwa sauti ya chini, "usimchokoze." Alikuwa mwanamke wa hasira za karibu. Ukimletea kochi lililoliwa na mchwa ukamwambia limechanika kitambaa tu, alikupa vidonge vyako palepale mbele ya wateja wengine, kisha akalitengeneza hilo kochi likarudi kwako imara kuliko lilivyotoka dukani. Alifanya kazi huku misumari midogo ameibana midomoni, na watu walitania kwamba ndiyo maana maneno yake yalichoma.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha bati nyuma ya nyumba ya wazazi wake, chenye meza ndefu ya kukatia, cherehani nzito ya kushonea ngozi na turubai, na magunia ya sponji yaliyopangwa hadi darini. Zamani karakana hiyo ilikuwa imeanza kuchangamka kwelikweli. Hoteli moja ilimpa kazi ya viti vyote vya ukumbi wake wa kulia. Alikuwa ameshaajiri wasaidizi na kuchagua vitambaa. Alikuwa pia na mchumba, dereva wa lori mwenye utani mwingi, na walishaanza kupanga wataishi wapi. Ndipo baba akaanguka bafuni.

Kiharusi kilimchukua mzee upande mzima wa kulia, pamoja na maneno yake yote isipokuwa moja. Alibakiwa na "hapana." Alisema hapana kwa uji alioutaka na hapana kwa uji asioutaka, ikambidi binti yake ajifunze kuzitofautisha hapana hizo kwa sauti, hii ndefu, hii ya puani, hii ya hasira. Alikuwa mzito kumnyanyua, na mkali vilevile. Mkono wa kushoto uliobaki mzima aliutumia kurushia vijiko. Mama, mwenye magoti mabovu, hakuweza hata kumgeuza. Kwa hiyo kazi ya hoteli ilirudishwa na wasaidizi wakaenda zao. Yule dereva alingoja, akangoja, mwisho akapata mwingine, na kwa ungwana wake akaja mwenyewe kusema, amesimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni. Fundi Makochi alimwambia "nenda tu," akarudi ndani kumgeuza baba ubavu.

Walikuwa watoto wawili tu. Wa pili, wa kiume, baba alikuwa amempa jina la Bwana Mdogo tangu utotoni kwa sababu alipenda kukaa sebuleni na wageni wa watu wazima. Baba alipoanguka, Bwana Mdogo alikuwa jiji la mbali akisomea utengenezaji wa filamu. Alipiga simu na kutuma salamu. Alikuja mara mbili katika miaka yote ile, na mara ya pili baba alimtazama usoni akasema "hapana," naye akatoka nje, akalia chini ya kamba ya nguo, na kesho yake akaondoka.

Fundi Makochi hakumlaumu. Alijiambia, yule hajui. Hajawahi kumwaga maji ya beseni lile, hajawahi kukisafisha kidonda cha mgongoni, atajuaje? Na kwa kuwa hajui, alimsamehe. Msamaha huo ndio uliomwezesha kula naye sahani moja baada ya mazishi ya baba bila chakula kumkwama.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, Bwana Mdogo alikuja kuazima kiti cha baba. Kilikuwa kiti kipana cha mikono, ambacho dada yake alikijenga upya mwenyewe. Alikiongezea mto wa pembeni ili mzee asianguke upande uliokufa, na akakata sehemu ya chini ili beseni liingie.

"Nataka kukipiga picha, dada," alisema. "Kumbukumbu."

"Kirudi kama kilivyo," alimwambia, na misumari midomoni.

Kilichorudi ni mwaliko. Filamu fupi ya Bwana Mdogo, iliyoitwa *Maji ya Uvuguvugu*, ilikuwa imeshasifiwa huko na huko, sasa ingeonyeshwa alasiri moja kwenye jumba la sanaa la mjini, na baada yake kungekuwa na mjadala. Mama alipiga pasi gauni lake kisha akalirudia tena. Fundi Makochi alisugua vidole kutoa gundi hadi vikawa vyekundu. Walikaa mstari wa mbele, viti vya plastiki, vigumu, vya kuumiza kiuno, akavilaani kimoyomoyo. Taa zikazimwa.

Filamu haikuwa na maneno. Ilianza na beseni linalojazwa maji, mvuke ukipanda mbele ya dirisha. Kisha kiti kile. Kisha mzee aliyekaa ndani yake, mwigizaji mwenye nywele nyeupe na uso mtulivu kama mtu anayesikiliza mvua. Halafu akaingia kijana. Alipiga magoti, akakunja suruali ya mzee, akajaribu maji kwa kiwiko, akaanza kumwosha miguu. Akambandika taulo kidevuni kwa kulikunja mara mbili na kulichomeka nyuma ya sikio. Akampulizia uji kabla ya kumlisha. Akamnyoa ndevu akilivuta shavu kwa kidole gumba. Mwishoni mzee aliuweka mkono wake kichwani kwa kijana, taratibu, kama anayembariki, na maji ndani ya beseni yakatulia hadi uso wa dirisha ukaonekana ndani yake.

Ukumbini watu walikuwa wakivuta kamasi. Fundi Makochi alikuwa ameshika kingo za kiti chake kwa mikono miwili.

Taulo la nyuma ya sikio lilikuwa lake. Alilibuni siku baba alipokuwa akilitupa kila likiwekwa. Kiwiko kilikuwa chake. Kidole gumba shavuni kilikuwa chake. Kila kitu alichokifanya yule kijana alikifanya yeye, na mahali pake palikuwa na mtoto wa kiume. Katika nyumba ile ya kwenye filamu hakukuwa na binti, na baba wa kwenye filamu hakurusha kijiko hata kimoja.

"Ameigiza vizuri yule kijana," Mama alinong'ona.

Mjadala uliendeshwa na mwanamke mmoja mchambuzi wa filamu, mchangamfu, mwenye miwani mikubwa. Aliwauliza watu wameona nini ndani ya picha, siyo kilichotendeka bali kilichofichwa. Watu walinyoosha mikono. Mmoja alisema kiti ni enzi: mzee amebakiwa na kiti tu, utawala umekwisha. Mwingine akasema maji ni msamaha, ndiyo maana si ya moto wala ya baridi. Mzee mmoja wa nyuma alisema yeye ameona mwana akigeuka kuwa baba wa baba yake. Mchambuzi alifurahia kila jibu, na alikuwa na lake: kwamba kamera haisimami kamwe, inakaa chini muda wote, na kwamba hilo ni jambo la kujiuliza. Kisha msichana mmoja akanyanyuka na kumwelekea Bwana Mdogo.

"Kaka, samahani kama ni swali la ndani. Ilikuwaje kumuuguza baba yako? Ilikuwa ngumu?"

Bwana Mdogo alishika kipaza sauti. Alitazama mstari wa mbele mara moja, haraka, kisha akatazama juu ya vichwa vya watu.

"Ilikuwa ngumu," alisema.

Fundi Makochi alisimama. Hakupanga kusimama; miguu ilimsimamisha. Mama alimvuta gauni, akaubandua ule mkono.

"Mimi ni dada yake," alisema.

Hakupata nafasi ya neno la pili. Mchambuzi alipiga kelele ya furaha, "Familia iko hapa!" na ukumbi mzima ukalipuka makofi. Walimpigia makofi dada wa mtengenezaji wa filamu. Msichana aliyeuliza swali alikuwa anafuta machozi na kumpungia. Na yeye alisimama pale, maneno yamemjaa mdomoni kama misumari, na kila alipotaka kulitoa moja makofi yakaongezeka. Mwisho aligeuka akatoka nje.

Kwenye ukumbi wa kuingilia ndipo alipokiona kiti. Walikuwa wamekiweka juu ya jukwaa dogo, wamekizungushia kamba nyekundu, na karatasi mbele yake ikasema kisiguswe. Alipitisha mguu juu ya kamba.

"Mama, usiguse," mlinzi alimkimbilia. "Hiyo ni sanaa."

"Hiyo ni mbao na sponji," alimwambia, "na misumari yake naijua mmoja mmoja. Niondokee."

Mlinzi aliangalia uso ule, kisha akagundua ghafla kwamba ana kazi upande mwingine wa jengo. Fundi Makochi alikipindua kiti, akakitia begani kama alivyobeba makochi maisha yake yote, akatoka nacho mlango mkubwa. Mama alimfuata akichechemea na mkoba wake, akiomba samahani kwa kila waliyempita. Mtu wa mkokoteni aliwapeleka hadi nyumbani.

Kesho yake mchana Bwana Mdogo alikuja karakana. Alimkuta dada yake ananyofoa misumari kutoka kwenye kochi la mteja kwa nguvu ambayo kochi halikuistahili. Mama alikuwa kivulini mlangoni, amekaa juu ya kile kiti cha baba, anachambua maharage.

"Dada, wamenipigia simu. Kiti..."

"Kiti kinakaliwa. Humwoni Mama?"

"Walikuwa wamekiomba kwa mwezi mzima."

"Waje wamwambie Mama asimame."

Mama hakuinua uso. Bwana Mdogo alivuta kigoda akakaa, akasugua magoti yake.

"Najua umekasirika."

"Nani kakwambia nimekasirika?" Alitupa koleo mezani. "Ilikuwa ngumu, siyo? Hebu nisimulie mdogo wangu ilivyokuwa ngumu. Kidonda kilikuwa upande gani? Eh? Alikuwa analala amegeukia wapi? Ulimwosha baba miguu lini wewe? Mimi nilikuwepo, labda nilisinzia sikuona."

"Dada, ile ni filamu. Siyo habari."

"Swali ulilojibu lilikuwa la filamu?"

Bwana Mdogo akasogeza kigoda karibu, akasema jambo ambalo alikuwa amekuja nalo, ikaonekana wazi kwamba alikuwa amelipanga njiani.

"Umeitazama filamu, lakini hukuiona. Naomba uiangalie tena, na mimi pembeni. Ukimaliza kama bado unataka kunipiga, nipige."

Fundi Makochi alifuta meza kwa kiganja, akasukuma mikasi kando. "Haya. Nionyeshe."

Alifungua kompyuta yake juu ya vipande vya kitambaa, akaiendesha filamu kwa vipande vidogo vidogo, akiisimamisha kila mara.

"Angalia hapa. Mezani kuna vikombe vingapi? Nyumba ina watu wawili, vikombe ni vitatu. Na hiki cha tatu kina chai iliyopoa, imeweka utando. Ni chai ya mtu asiyepata nafasi ya kuinywa." Akaisogeza. "Hapa, ukutani. Kijana anaosha miguu huku, lakini tazama ukuta wa kushoto. Kivuli kinapita. Siyo chake, yeye amepiga magoti. Ni cha mtu aliyesimama, amebeba kitu. Nilitafuta dada wa umbo lako, nikampitisha mbele ya taa siku nzima." Akaisogeza tena. "Hapa taulo. Anayelipokea ni kijana, lakini analipokea kutoka wapi? Kutoka nje ya picha. Ukisimamisha hapa unaona vidole. Umeviona? Kucha fupi, na kovu."

Alikuwa ameviona. Kovu lilikuwa mahali pale pale lake lilipokuwa, pale mkasi ulipomkata akiwa mwanafunzi wa ufundi.

"Na kamera," Bwana Mdogo aliendelea, sauti imeanza kumtetemeka kwa kujisikia. "Yule mchambuzi aliligusa hili hakulimaliza. Kamera inakaa chini tangu mwanzo hadi mwisho, kimo cha kigoda. Kigoda chako, dada, ulichokuwa unakalia karibu naye. Hii picha yote inaonekana kwa macho yako. Kijana si mimi, wala si mtu. Ni mikono tu. Anayeona ni wewe. Mwenye filamu ni wewe. Niliificha maana hiyo humo, nikasema siku moja utaiona."

Juu ya bati ndege walikuwa wakitembea na kucha zao. Kuna dakika, na baadaye hakulikana hilo, ambapo kifua chake kililegea. Kile kikombe cha chai iliyoweka utando kilimgusa mahali ambapo hapakuwa pameguswa na mtu muda mrefu. Alisogeza uso karibu na kioo, akavitazama vile vidole vilivyokatwa na ukingo wa picha. Kazi ilikuwa nzuri. Fundi huitambua kazi nzuri hata ikiwa ya adui.

Bwana Mdogo alimtazama akitabasamu kidogo, akisubiri machozi.

"Kwa hiyo uliona," dada yake alisema.

"Niliona, dada."

"Chai ikipoa uliiona."

"Niliiona."

"Kovu. Taulo. Kiwiko. Kigoda nilichokalia. Ulikuja mara mbili tu, na mara mbili hizo zilikutosha kuona kila kitu."

"Ndiyo," alisema, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka, maana sauti ya dada yake haikuwa ikielekea alikokutegemea.

"Mimi nilidhani hujui!" Alipiga meza, mikasi ikaruka. "Miaka yote nimekusamehe kwa sababu hujui! Nilikuwa nasema, yule mtoto hajaona, angeona asingeondoka. Kumbe uliona mpaka utando wa chai! Uliona, ukatoka, ukapanda gari, ukaenda kusoma namna ya kuipiga picha!"

"Dada..."

"Nyamaza. Bado." Alikuwa amesimama sasa. "Sifa umeziweka mbele, kwenye mwanga, kila mwenye macho azione. Shukrani yangu umeiweka kivulini ukutani, aione nani? Umeificha pahali ambapo ni wewe peke yako unayeweza kuionyesha. Bila wewe kuja hapa na mashine yako mimi ningekufa sijashukuriwa. Hiyo ni shukrani au ni fumbo?"

"Kwenye andiko la kwanza alikuwa binti," Bwana Mdogo alisema kwa haraka, kama mtu anayejitetea polisi. "Naapa. Niliandika binti. Waliotoa fedha za filamu wakasema haina nguvu. Wakasema binti akimwosha baba yake ni jambo la kawaida, kila mtu ameliona, hakuna atakayelia. Lakini mtoto wa kiume akipiga magoti..."

Hakuimalizia. Alijua kabla ya kuimaliza kwamba hakupaswa kuianza.

"Jambo la kawaida," Fundi Makochi alisema polepole.

"Ni wao walisema."

"Na wewe ukaandika. Kwa hiyo nikifanya mimi ni kawaida, ukiigiza wewe ni machozi. Nilimnyanyua mtu mzito kuliko kabati, akinitemea uji, akinipiga kofi kwa mkono wa kushoto, akiniita hapana asubuhi mpaka jioni, na hiyo ni kawaida. Nimeachwa na mwanamume, kawaida. Kijana wa watu akikunja suruali mara moja mbele ya taa, dunia nzima inatafuta leso!"

"Jamani, mnagombana kwa ajili ya picha?" Mama alisema kutoka mlangoni. "Mtasikika mpaka barabarani."

Fundi Makochi aligeuka. "Mama. Jana, kile kivuli. Ulikiona?"

Mama aliendelea kuchambua maharage kidogo, akatupa kijiwe.

"Nilikiona."

"Mara ya kwanza tu?"

"Mwanangu, kivuli chako nitakikosaje? Unatembea umeinamisha bega moja."

"Na hukusema."

"Nilidhani na wewe umekiona, ukaridhika. Wewe hujawahi kutaka kusifiwa." Mama alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anayempa zawadi.

Ile ndiyo iliyomkata maini. Kufoka kote kulimwisha. Alikaa juu ya mkono wa kochi la mteja, akawatazama wote wawili, mama na mdogo wake, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba katika nyumba ile kila mtu alikuwa akimwona wakati wote. Hakuna aliyekuwa haoni. Waliona na wakaona ni sawa.

Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilimtisha Bwana Mdogo kuliko kelele.

"Kuna mkandarasi ananitafuta. Wanakarabati ukumbi wa mikutano, mji wa kule juu, viti vyote vinahitaji kuvishwa upya, na wanataka fundi wa kuongoza wengine. Nimemkatalia mara mbili kwa sababu ya magoti ya Mama. Leo nampigia simu. Wewe utahamia hapa."

"Mimi? Dada, nina kazi, kuna onyesho jingine chuoni, kuna..."

"Utalifanyia hapa. Mama anahitaji kukandwa magoti asubuhi, kliniki anapelekwa, hawezi kubeba ndoo. Si mengi. Ni ya kawaida."

"Mama, mwambie," Bwana Mdogo alisema.

Mama alimtazama binti, akamtazama mwana. Alikuwa mwanamke aliyezoea kumtetea mwanawe, na mdomo ulishafunguka kufanya hivyo. Kisha akaufunga. "Chumba chake cha zamani kina magunia ya sponji," alisema. "Yatahitaji kutolewa."

"Na onyesho la chuoni," Fundi Makochi aliongeza, "wakikuuliza tena kama ilikuwa ngumu, utajua la kujibu."

"Nitaweka jina lako mwishoni. Kwa herufi kubwa. Nitaandika..."

"Usiniandike popote. Umeshaniweka ulivyotaka. Toa magunia."

Aliyatoa. Alitoa magunia mchana mzima, sponji ikimwagikia nywele, akipiga chafya, na dada yake hakumsaidia hata moja. Watu waliopita walishangaa kumwona Bwana Mdogo aliyetoka gazetini amebeba mizigo kama kuli, na mmoja akamuuliza kama anatengeneza filamu nyingine.

Wiki hiyohiyo Fundi Makochi aliondoka na sanduku la zana. Mama alilia mlangoni. Yeye alikuwa bado na hasira, akamkumbatia kwa hasira hiyohiyo, kwa nguvu.

Kazi ya ukumbi ilikuwa kubwa kuliko alivyoambiwa. Viti vilikuwa vimeoza vibaya, vingine vimeota ukungu ndani, na mafundi aliopewa walikuwa wavivu wa kupima. Aliwafokea mpaka wakamzoea. Walimpa jina jipya, Spika, kwa kuwa ndiye aliyesikika ukumbini bila kipaza sauti. Alipanga chumba chenye dirisha kubwa, akanunua godoro moja, na kwa muda mrefu hakuzoea kuamka bila mtu wa kumsikiliza upande wa pili wa ukuta. Kuna asubuhi alikunywa chai ikiwa bado inamuunguza ulimi, na badala ya kufurahi akapandwa na hasira upya, kwa sababu alikumbuka ni muda gani hakuwa amefanya hivyo.

Habari za nyumbani zilikuja kwa simu. Mama alilalamika. Mwanawe aliunguza sufuria, alisahau siku ya kliniki, alimkanda magoti kama anayepapasa paka. "Na ananiuliza kila saa najisikiaje," Mama alisema. "Wewe hukuwa unaniuliza. Ulikuwa unajua."

"Atajua na yeye," alimjibu. "Mfundishe."

Kisha alasiri moja, mafundi wakiwa wamepumzika, Mama alipiga tena, na safari hii sauti yake ilikuwa imechangamka. Walikuwa wametoka kwenye lile onyesho la chuoni. Mwanawe alimpeleka na kumkalisha mbele.

"Amesema, mwanangu. Wamemuuliza, akasimama mbele ya watu wote akasema hakumuuguza baba yake. Akasema ni dada yake, akasema yeye alikimbia, na kwamba alikuficha kwenye filamu kwa sababu ya aibu. Amesema hata ile hapana aliyoambiwa na baba. Alikuwa anatetemeka, maskini."

Fundi Makochi alisimama katikati ya ukumbi mtupu, vumbi la sponji likielea kwenye mwanga. "Watu wakasemaje?"

"Wakampigia makofi," Mama alisema. "Walisimama kabisa. Yule mwanamke wa miwani alimkumbatia, akasema sasa filamu ina maana nyingine zaidi."

Fundi Makochi alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kifupi, kilichowafanya mafundi wake wageuke. Hata hilo walimpigia makofi. Mtu akimbie, wampigie. Aseme amekimbia, wasimame. Alitaka kuirusha simu ile ukutani. Lakini Mama alikuwa ameshaipokeza kwa mwingine, na sauti ya mdogo wake ikaja, imechoka, bila mbwembwe.

"Dada. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sikutaka makofi. Niliwaambia waache."

"Hawakuacha."

"Hawakuacha," alikubali. Nyuma yake lilisikika bomba likijaza ndoo. "Magoti ya Mama yamevimba leo, lile la kushoto zaidi. Alikaa sana kwenye kile kiti kigumu cha chuoni. Nimkande kwa nguvu au niache?"

Alitaka kumwambia ajitafutie mwenyewe. Lakini akilini aliliona goti lile, kama alivyolijua.

"Usilikande likivimba. Mlaze, uliinue kwa mto, uweke kitambaa cha maji baridi. Kesho asubuhi likishuka ndiyo ulikande, kuanzia juu, siyo pale penye maumivu. Na ukiona limekuwa la moto mpeleke kliniki, usingoje siku yake."

"Juu, siyo penye maumivu. Sawa." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Dada, bado una hasira na mimi?"

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Ikiisha utaambiwa. Funga bomba, ndoo imejaa."

Alikata simu. Fundi mmoja kijana alikuwa amekuja na kipande cha kitambaa kumwonyesha, akaona uso wake, akasita mbali kidogo. Alimwita kwa mkono, akakipokea kile kitambaa, akakivuta kwa urefu na kwa upana, akakuta kimekatwa kombo.

"Nani kakata hivi?" alisema, na ukumbi mzima ukasikia.